Ukiona Pesa za Mzee Zikiliwa

Ndugu mlezi mwenzangu wa Minnesota, bibi niliyemtunza mikono ilimtetemeka hata kushika kijiko. Siku nilipoona hundi tatu zenye sahihi iliyonyooka, moyo ulinilipuka. Niliandika daftarini tarehe, kiasi na nani alikuwepo.

Usingoje ushahidi kamili. Sisi wahudumu sheria inatutaka turipoti ndani ya saa 24, kwa kupigia simu kituo cha jimbo kinachopokea taarifa za watu wazima wanaodhulumiwa. Ukiripoti kwa nia njema, sheria inakukinga usishtakiwe, na jina lako halitolewi ovyo. Mwajiri akikufukuza au kukukata mshahara ndani ya siku 90, huchukuliwa kuwa amelipiza kisasi hadi athibitishe vingine. Kwa hiyo tunza stakabadhi za mshahara, za kabla na za baada.