Jinsi ya kuomba dawa ya nguvu za kiume hospitalini na kuichukua famasi: kwa wanaume wa Mtwara na Lindi

Dawa za kusaidia uume kusimama zipo, zinafanya kazi, na mwanaume wa Newala, Kilwa au Liwale anaweza kuzipata kihalali kama anavyopata dawa ya presha. Kinachowakwamisha wengi ni aibu. Mtu anakaa na tatizo miezi na miezi, anazunguka kwa wauza mkuyati na vumbi la Kongo, anakunywa supu ya pweza kila jioni, mwisho ananunua kidonge kimoja kisicho na paketi kwa mtu asiyemjua. Hela inaisha, tatizo linabaki, na ugonjwa uliolileta unaendelea kumtafuna bila yeye kujua.

Kwa hiyo kabla ya kidonge, tafuta vipimo. Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo 3 hadi 4. Sukari, presha, mafuta na sigara vikianza kuiharibu mishipa, ile myembamba ndiyo huziba mwanzo. Ndiyo maana mwanaume anaweza kushindwa kitandani miaka kadhaa kabla moyo haujaanza kumsumbua. Mtu wa miaka 45 akiambiwa "huo ni utu uzima tu" na kurudishwa nyumbani bila hata kupimwa presha, hajatendewa haki.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chukua karatasi uandike tatizo lilianza lini, na kama lilikuja ghafla au taratibu. Andika pia kama uume husimama wenyewe alfajiri unapoamka. Hilo daktari atalitaka sana. Kama alfajiri unasimama vizuri, mishipa na neva huenda ni nzima, na chanzo kikawa msongo wa mawazo, madeni, au ugomvi ndani ya nyumba. Kama hausimami kabisa, atatazama zaidi upande wa mwili.

Kisha kusanya dawa zote unazotumia, uziweke kwenye mfuko uende nazo, hata zile za mizizi. Ukisema tu "natumia kidonge cheupe cha presha" hujamsaidia daktari, maana vidonge vyeupe vya presha viko vingi, na baadhi yake, kama atenolol, propranolol na hydrochlorothiazide, vinaweza kupunguza nguvu za kiume. Usiache kuvimeza kwa uamuzi wako. Daktari anaweza kukubadilishia.

Beba kitambulisho na kadi ya bima kama unayo. Kama bima yako inakutaka uanzie kituo ulichosajiliwa, anzia hapo, upewe rufaa kwenda juu. Nenda asubuhi bila kula kwa saa nane au zaidi, maji tu, usinywe hata chai ya rangi, ili kipimo cha sukari kisome sawasawa.

Uende wapi

Zahanati ya kijiji inaweza kukupima presha na sukari, na hapo ni pazuri pa kuanzia kama nauli ni shida. Kwa daktari wa kukuandikia dawa hii, lenga kituo cha afya kikubwa au hospitali. Mtwara mjini kuna Ligula, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Lindi mjini ni Sokoine. Masasi kuna Mkomaindo. Hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao nazo zinapokea watu kutoka mbali.

Kama hospitali ya kwenu imejaa shemeji na majirani na hutaki wakuone, panda gari uende wilaya nyingine ukalipie mwenyewe. Hakuna anayekukataza.

Dirishani na chumba cha daktari

Wengi hugeukia njiani kwenye dirisha la mapokezi, maana karani anauliza kwa sauti, na nyuma yako kuna foleni ya akina mama wenye watoto. Hulazimiki kueleza lolote pale. Sema, "Naomba kumwona daktari, nina tatizo la wanaume," au sema tu ni la njia ya mkojo. Utaandikishwa faili, utapewa namba ya malipo ulipe kwa simu au benki, kisha utapimwa presha na uzito. Ukipenda kuonwa na daktari mwanaume, omba hapo hapo mapema.

Ndani ya chumba usizunguke. Mzee mmoja huingia, akasalimiwa na daktari kijana, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba mwanangu," halafu kwa haya akaanza kulalamikia mgongo na magoti. Anatoka na paracetamol, na kilichompeleka hakikutajwa. Sentensi yako ya kwanza iwe hii: "Daktari, uume wangu hausimami vizuri, au unasimama na kulegea kabla sijamaliza. Nimekuja kupimwa na kuomba dawa." Madaktari huisikia kila mara. Sisi tuliopitia jando tulifundishwa mambo ya unyumba yasisemwe hadharani, na ni adabu nzuri, ila chumba cha daktari si hadharani. Siri yako inalindwa na maadili ya kazi yake.

Atakuuliza maswali yanayoweza kukukera. Una wake wangapi? Una mtu nje? Usidhani anakuchunguza tabia. Kama kwa mke mkubwa inashindikana na kwa mke mdogo inawezekana, hilo linamwambia kwamba damu inafika na tatizo liko pengine. Atauliza kuhusu pombe na sigara, atakuchunguza sehemu za siri, kisha atakutuma maabara. Sukari ya mtu aliyefunga ikifika 7.0 mmol/L na kurudiwa ikawa hivyo hivyo, una kisukari. Presha inayorudi kusoma 140/90 au zaidi inahitaji kufuatiliwa. Anaweza kuongeza kipimo cha mafuta, figo na ini, na kama hamu yenyewe imepotea, homoni ya testosterone, ambayo damu yake huchukuliwa asubuhi kabla ya saa nne au saa tano.

Mambo usiyoruhusiwa kuyaficha

Sildenafil, inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra, ilianza kuchunguzwa kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, na Marekani ikaiidhinisha kwa nguvu za kiume Machi 1998. Hutanua mishipa ya damu. Dawa za moyo za kundi la naitreti, kama isosorbide na nitroglycerin ile ya kuweka chini ya ulimi, nazo hutanua mishipa. Zikikutana mwilini, presha inaweza kuporomoka mtu akafa. Ukiwa unatumia hizo, sildenafil na tadalafil si zako kabisa, na daktari atatafuta njia nyingine.

Mwambie pia kama ulipata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miezi sita, kama presha yako iko chini sana, au kama unatumia tamsulosin ya tezi dume. Ukiwa kwenye dawa za CTC, yaani za VVU, mwoneshe kadi. Mchanganyiko wa kawaida wenye dolutegravir hauleti shida, ila wale wa mstari wa pili wenye ritonavir hubakiwa na sildenafil nyingi mwilini kwa muda mrefu, hivyo hupewa kiasi kidogo sana, na kwa nafasi kubwa kati ya kidonge na kidonge. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume chake, huidhoofisha. Najua kutaja CTC mbele ya mtu mgeni ni kazi nzito. Taja.

Cheti, kisha famasi

Kabla hujaondoka soma cheti. Kiwe na jina lako, tarehe, jina la dawa, miligramu, idadi ya vidonge, namna ya kumeza, pamoja na jina na sahihi ya daktari. Sildenafil mara nyingi huanzia miligramu 50, na 25 kwa wazee wa zaidi ya miaka 65 au wenye shida ya ini au figo. Tadalafil mara nyingi huanzia 10. Omba iandikwe kwa jina la dawa lenyewe na si jina la biashara, maana sildenafil za viwanda vingine ni nafuu kuliko Viagra na kazi ni ileile.

Hii ni dawa ya cheti, na mahali pake ni famasi yenye mfamasia, si duka la dawa muhimu lenye maandishi ya DLDM. Wa vijijini Tandahimba au Ruangwa, inunueni mkiwa bado mjini. Famasi halali hutundika kibali chake ukutani. Mpe mfamasia cheti, uliza bei kwanza, na usikubali kukatiwa kidonge kimoja kikaviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Taka paketi. Geuza nyuma ya karatasi ya fedha uone namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, ulinganishe na zilizo kwenye boksi, zikitofautiana, irudishe. Rangi isikudanganye: Viagra yenyewe ni ya bluu yenye umbo la almasi, lakini sildenafil nyingine halali zina rangi na maumbo mengine.

Na zile "za asili zisizo na madhara" zinazouzwa stendi? Unga wa namna hiyo, sehemu nyingi duniani, umekutwa umechanganywa na sildenafil bila kuandikwa. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuimeza akidhani ni mizizi.

Kuitumia

Meza sildenafil kama saa moja kabla ya tendo. Wali wa nazi uliokolea na nyama ya mafuta huichelewesha, basi kula chakula chepesi. Hudumu saa nne hadi tano, na tadalafil hufika hadi saa 36. Haisimamishi uume yenyewe bila msisimko, kwa hiyo ongea na mkeo, mpapasane, msiende kwa haraka. Si zaidi ya mara moja kwa siku. Pombe nyingi huiharibia kazi.

Kuumwa kichwa, uso kupata joto, pua kuziba, na kiungulia ni kawaida na hupita. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, kimbilia hospitali usiku huo huo, kwa sababu unaweza kuharibika moja kwa moja. Kuona au kusikia kukipotea ghafla, vivyo hivyo. Kifua kikibana, acha tendo, nenda hospitali, na umwambie wa kwanza kukuhudumia kwamba umemeza sildenafil ili asikupe naitreti. Madhara makubwa huripotiwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa fomu ya njano. Mwombe mfamasia au daktari aijaze. TMDA ina ofisi ya kanda Mtwara, na ukishuku dawa ni bandia, hapo ndipo pa kuipeleka.

Ikigoma mara ya kwanza usiongeze kidonge cha pili. Madaktari hushauri ijaribiwe mara sita hadi nane kwa kiasi sahihi kabla ya kusema imeshindwa. Ikishindwa kweli, rudi kwa daktari aliyekuandikia, umwombe rufaa ya bingwa wa mfumo wa mkojo. Kuna pampu na kuna sindano. Nenda na paketi iliyobaki, cheti cha zamani, na majibu yako ya sukari na presha, usianze upya.