Konisi ya mbao kwa mikono yako: kuanzia ubao hadi darini

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu. Wengi mmeuliza namna ya kutengeneza konisi ya mbao, ile mbao ya nakshi inayoziba pembe ya ukuta na dari, bila kuagiza kiwandani. Somo ni hili. Linamfaa mwenye kibanda nyuma ya nyumba, msumeno wa meza, ruta ndogo (mashine ya kuchonga nakshi) na randa ya mkono.

Jambo moja nalitia mbele ya yote: hapa kwetu konisi hufuata nyumba. Zile za dukani zimetengenezwa kama kwamba kila pembe ni digrii 90. Kuta za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale wa Mombasa zilisawazishwa kwa mkono, na hata nyumba mpya za mawe ya kukata kule Kisauni au Mtwapa, plasta hunenepa pembeni. Halafu kuna hewa ya bahari. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mbao hukauka kidogo. Masika ikishika, Aprili na Mei, hunywa unyevu na kutanuka. Ubao wenye upana wa milimita 100 unaweza kubadilika kama milimita 1 kati ya misimu. Ni kidogo, lakini inatosha kufungua kiungo kilichofungwa kwa pupa.

1. Pima nyumba kabla ya kununua mbao

Chukua bevu (kifaa cha kupimia pembe), iweke kwenye kila pembe ya chumba karibu na dari, na uandike digrii yake kwa penseli pale pale ukutani. Utakuta 88 hapa, 92 kule. Vuta uzi darini kutoka pembe hadi pembe uone kama dari imelegea katikati. Pima urefu wa kila ukuta na uongeze sentimita 30 kwa kila ubao, kwa ajili ya kukata na kurekebisha.

2. Kuchagua mbao

Sipresi inatosha kama utapaka rangi. Ni nyepesi na hukatika vizuri, ila kwepa vifundo, kwa sababu kifundo kwenye nakshi hung'oka ruta ikipita. Ukitaka mbao ionekane, mkangazi hupendeza sana. Mvule ni mzuri na unadumu, lakini ndani yake mara nyingine mna chembe ngumu kama jiwe, nazo huua meno ya msumeno papo hapo. Gonga na ukague kila ubao. Mbambakofi waachie wachonga milango, ni mgumu na mzito mno kwa kazi ya juu ya kichwa.

Na mwarobaini? Naupenda na ninautetea. Uko kila mtaa, mchwa hawaupendi, na ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Nyuzi zake hupishana, kwa hiyo randa iwe kali sana, na vumbi lake huwasha pua na koo. Vaa barakoa.

Mbao yoyote utakayochagua, ilaze kwenye chumba itakamofungwa kwa wiki 2 au 3, ikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite kila upande. Kama chumba kina kiyoyozi kinachofanya kazi kila siku, kiwashe kama kawaida wakati mbao inazoea.

3. Chora sura yake kwa ukubwa halisi

Somo hili linatumia ubao wa inchi 6 kwa 1 uliorandwa hadi unene wa milimita 20, kisha ukapasuliwa upana wa milimita 100. Chora mkato wake kwenye karatasi ngumu: katikati bonde (mfereji uliobonyea kwa mviringo) la upana wa milimita 60 na kina cha milimita 10, na kila upande milimita 20 za nakshi ndogo. Usizidishe kina cha bonde kupita nusu ya unene. Kata karatasi hiyo, ipandishe kwenye pembe ya dari, rudi nyuma hadi mlangoni uitazame. Chumba cha dari ya futi 9 kinaibeba vizuri. Chumba kidogo chenye dari ya chini kitaonekana kimevaa kofia ya mtu mwingine, kwa hiyo punguza upana uwe milimita 70 au 75.

4. Kukata bonde kwenye msumeno wa meza

Hapa tutulie. Bonde hukatwa kwa kupitisha ubao juu ya bledi kwa mshazari, kidogo kidogo. Upana wa bonde hutegemea mshazari huo, na kina hutegemea bledi imeinuliwa kiasi gani.

Kuupata mshazari hakuhitaji kikokotoo. Tengeneza fremu ya vijiti vinne ambayo vijiti vyake viwili virefu viko sambamba, milimita 60 kati yao. Zima mashine na uchomoe plagi. Inua bledi hadi milimita 10, kile kina cha mwisho. Weka fremu juu ya meza, bledi ikiwa ndani yake, kisha izungushe hadi kijiti kimoja kiguse jino la mbele na cha pili kiguse jino la nyuma. Chora mstari kufuata kijiti: huo ndio mshazari wako. Kwa bledi ya inchi 10 utapata karibu digrii 37.

Funga kwa klampu mbao mbili zilizonyooka, sambamba na mstari ule, moja kila upande wa ubao wako, ili upite katikati kama kwenye mfereji bila kuyumba. Zipange ili bonde liangukie katikati ya ubao.

Sasa shusha bledi hadi ichomoze milimita 1.5 tu. Washa, sukuma ubao taratibu dhidi ya mzunguko wa bledi. Pitisha mbao zote kwa kipimo hicho, pamoja na kipande cha majaribio cha mbao rahisi, ndipo upandishe milimita 1.5 nyingine. Endelea hivyo. Mpito wa mwisho uwe chini ya milimita 1 na uende polepole zaidi, maana ndio unaoamua utasaga msasa kwa muda gani.

Usalama, nakuombeni sana. Kwa kazi hii kinga ya juu ya bledi na kile kisu cha nyuma huondolewa, kwa hiyo mikono isikaribie hata kidogo. Tumia visukumio viwili vilivyobandikwa mpira chini. Usivae glovu wala shati la mikono mipana. Na stima ikipotea katikati ya kazi, zima swichi kwanza kabla ya kufanya lolote. Ikirudi ghafla na mashine imewashwa, bledi itaanza kuzunguka mkono wako ukiwa juu ya meza.

5. Nakshi za pembeni, kisha mgongo

Milimita 20 za kila upande ni za ruta. Kwa upande wa dari napendelea biti (kikatio cha ruta) ya kuviringisha, kwa upande wa ukuta ile inayotoa mkunjo wa S. Usile kina chote kwa mara moja. Biti kubwa ipunguziwe mwendo. Iliyozidi milimita 50 isizidi mizunguko 16,000 kwa dakika.

Mgongo ukatwe mwisho, kwa sababu hadi hapo ulihitaji kingo zilizonyooka za kuongozea ubao. Inamisha bledi digrii 45 na ukate kona zote mbili za nyuma, ukibakisha kama milimita 6 za ukingo wa mbele. Nyuso hizo mbili ndizo zitakazolala ukutani na darini. Konisi ya upana huu itashuka ukutani karibu sentimita 7, na kutoka darini kiasi hicho hicho.

6. Kukwangua na msasa

Bonde litakuwa na mistari ya meno. Kata kipande cha bapa la msumeno wa mkono uliozeeka, likate umbo la bonde kwa tupa, na ukwangue kwa kuvuta kuelekea kwako. Kisha zungushia msasa kipande cha bomba la PVC linalokaribia mkunjo wa bonde: namba 80, 120, halafu 180.

Paka praima pande zote, na mgongo pia. Mgongo ulioachwa mtupu hunywa unyevu upande mmoja, na konisi itajikunja.

7. Kufunga

Msumari haushiki vizuri kwenye jiwe la matumbawe. Pasua mbao ya inchi 2 kwa 2 kwa mshazari. Kila nusu ni pembetatu inayokaribia kujaza uwazi ulio nyuma ya konisi hii. Katakata vipande vya sentimita 10, uvifunge ukutani kwa plagi na skrubu, sentimita 40 hadi 50 kati yao. Konisi utaipigilia kwenye vipande hivyo kwa misumari myembamba ya galvanaizi. Ya chuma kitupu itatoa kutu kwa hewa ya chumvi na kutia madoa kwenye rangi.

Pembe za ndani msizikate digrii 45 pande zote mbili. Mshazari unaokutana na mshazari hufunguka mbao ikikauka, na huhitaji pembe iliyonyooka ambayo hatuna. Fanya hivi: ubao wa kwanza ukate mraba, uende hadi ugonge ukuta. Wa pili ukate digrii 45 kwenye mashine ya kukatia mishazari, ukiwa umepinduliwa: meza ya mashine ihesabu kuwa dari, mgongo wa mashine kuwa ukuta. Mkato huo utaacha mstari wa nakshi ukionekana wazi kwenye uso. Ufuate kwa msumeno mwembamba wa upinde, ukiulaza nyuma kidogo ili ukingo wa mbele pekee ndio uguse. Maliza kwa tupa ya duara. Ukiusogeza, utakaa juu ya nakshi ya mwenzake kama umeota hapo, iwe pembe ni 88 au 92. Jaribu kwanza kwenye vipande vifupi, ukague kwa mwanga wa tochi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Likoni: Shikamoo fundi. Mimi sina msumeno wa meza. Nina ruta na randa tu. Nikate tamaa?*

Marahaba mwanangu, hata kidogo. Jenga konisi kwa vipande. Funga ubao mwembamba bapa ukutani na mwingine bapa darini, kila mmoja ukiwa na nakshi ya ruta ukingoni. Kwenye kona kati yao weka mbao ya 2 kwa 2 uliyochimba bonde kwa biti ya duara, mipito mingi midogo. Vipande vitatu vikikutana huonekana kitu kimoja, tena kila kimoja hufuata ukuta wake vizuri zaidi. Kwa nyumba zenye kuta zilizopinda sana, ningeichagua njia hii hata mwenye msumeno.

*Dada wa Kisauni: MDF, ile mbao ya kiwandani ya nyuzi zilizogandishwa, ni rahisi na imenyooka. Kwa nini nisitumie hiyo?*

Dada yangu, sebuleni penye ukavu unaweza, ukiifunika kwa praima kila mahali. Lakini ikipata maji hufura na hairudi. Jikoni, bafuni, au chini ya paa linalovuja masika, usiitumie. Na bonde la somo hili usilikate kwenye MDF ya kawaida. Ndani yake ni laini, itabaki na manyoya kila ukipaka rangi.

*Kijana wa Changamwe: Fundi, mashine yangu ni ndogo, konisi haisimami ndani yake. Naweza kuikata ikiwa imelala?*

Waweza. Kwa konisi hii inayolala digrii 45 na ukuta, kwenye pembe ya digrii 90, zungusha meza hadi 35.3 na inamisha bledi 30. Ukikutana na konisi ya dukani inayolala digrii 38 na ukuta, vipimo ni 31.6 na 33.9. Pembe yako ikiwa 88 au 92 namba hizo hazitakaa sawasawa, kwa hiyo kwa pembe za ndani tumia mkato huo kutoa mstari tu, kisha ufuate kwa msumeno wa upinde.

*Mwanachama wa Majengo: Na pembe za nje, pale ukuta unapotokeza?*

Hapo mshazari haukwepeki. Gawa kwa mbili digrii uliyoandika ukutani, siyo 90, kisha toa jibu hilo kwenye 90 upate kipimo cha mashine. Paka gundi mikato yote miwili na uunganishe pembe hiyo mezani kwanza, uiache ikauke, ndipo uipandishe ikiwa kipande kimoja.

*Bwana mmoja wa Mji wa Kale: Nyumba ya marehemu babu ina dari ya boriti. Nataka konisi kuzunguka ukumbi.*

Ndugu yangu, nakusihi ziache boriti zionekane. Vyumba vile ni vyembamba, karibu mita 3, kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wake, na konisi yenye mteremko ingevificha vichwa vyake pale vinapoingia ukutani. Napo ndipo unapohitaji kukagua kama mchwa wameingia. Ukitaka nakshi, funga ubao bapa ukutani sentimita chache chini ya boriti, wenye nakshi ya ruta kingo zote mbili. Usichimbe ukuta kwa nguvu: chokaa ya zamani ni laini, tumia keekee ya kawaida bila kugongesha, na skrubu chache ndefu. Kabla ya hayo yote pita kwa ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, uwaonyeshe mchoro wako.