SOMO: Oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye gari kuukuu, ibadilishwe au iachwe? Soma kabla ya kuuliza

Wakuu, hili swali limezidi. Kila uzi unaishia palepale: mmoja anasema badili, mwingine anasema ukiigusa tu giaboksi inakufa, wa tatu anakuja na giaboksi ya kuuza. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwekea kiungo cha uzi huu na kuendelea na shughuli zangu.

Ninazozungumzia ni Toyota za gia nne zilizojaa barabarani kwetu: IST na Spacio za mwanzoni mwa miaka ya 2000, Allion na Premio za kipindi hichohicho zenye injini ya 1NZ. Mwenye CVT (giaboksi ya mkanda na puli, isiyo na gia za hatua) asome, lakini asinunue kitu kabla ya kufika kwenye maswali.

Tuanze na hofu yenyewe. Giaboksi ya otomatiki inafanya kazi kwa presha ya oili. Ndani kuna klachi nyembamba zinazobanwa na presha hiyo, na zikilika unga wake unabaki humohumo kwenye oili. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba ule unga ndio unaozishikilia, ukiumwaga zinateleza. Sasa angalia wanaobadili ni akina nani. Wengi hawaigusi oili mpaka gia zianze kuchelewa. Fundi anamwaga, baada ya muda gari haitembei, lawama anatupiwa fundi na oili yake mpya. Giaboksi ile ilikuwa imeshakufa kabla ya nati ya kumwagia kufunguliwa. Hatari ya kweli iko kwenye mashine za kusukuma oili yote kwa presha: uchafu ulioganda kwa miaka unang'oka kwa mpigo na kwenda kuziba njia nyembamba za valvu bodi, yaani sehemu inayogawa presha ya oili kwa klachi. Gari kuukuu siipeleki huko.

Kwa hiyo: gia zinaingia vizuri na oili hainuki kuungua? Badili, taratibu, kwa kumwaga. Ukiweka D gari inakaa kwanza ndipo iondoke, injini inaunguruma mwendo hauongezeki, na dipstiki (kijiti cha kupimia oili) inanuka kuungua? Anza kukusanya pesa ya giaboksi, oili si dawa. Taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, yaani gia ya 4) inamulika-mulika yenyewe? Pima kwa kompyuta kwanza, huenda ni solenoidi tu, vali ndogo ya umeme.

Hatua ya 1. Oili. Vuta dipstiki ya giaboksi uisome, nyingi zimechongwa aina ya oili pale kwenye chuma. Kwa gari hizi utakuta T-IV. Toyota za baadaye zinatumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Usiweke moja mahali pa nyingine eti zote nyekundu. Rangi ni rangi tu. Muuzaji Kariakoo akikwambia "haidroliki zote sawa", toka nenda duka la pili.

Hatua ya 2. Pasha gari kidogo, egesha pa tambarare, inua, weka stendi. Jeki si stendi.

Hatua ya 3. Kumwaga. Nati ya kumwagia ya injini ni ya spana namba 14, ya giaboksi ni ya alenki namba 10. Nimeona gereji fundi anakwenda kumwaga oili ya injini, anafungua ya giaboksi, kisha anajaza oili mpya kwenye injini iliyokuwa imejaa tayari. Gari inatoka na injini yenye oili karibu mara mbili na giaboksi karibu tupu. Ukiona kinachotoka ni chekundu na wewe ulikuja kwa ajili ya injini, piga kelele.

Hatua ya 4. Pima kilichotoka kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kwa kawaida ni lita 3 hivi kati ya karibu 7 zilizomo. Nyingine zimebaki kwenye toki konveta, chombo cha oili kilicho kati ya injini na giaboksi.

Hatua ya 5. Rudisha nati pamoja na washa (ile pete yake) mpya. Kaza kwa kiasi, uzi wa nati ukiharibika utalia.

Hatua ya 6. Jaza kiasi kilekile kilichotoka, kupitia tundu la dipstiki, kwa faneli yenye mpira mrefu mwembamba.

Hatua ya 7. Kupima. Hapa ndipo nilipowahi kuchemsha, kwa hiyo soma polepole. Endesha gari mpaka ipate moto sawasawa, dakika 15 hadi 20 za barabarani, si za kuunguruma pale uwanjani. Rudi pa tambarare. Kanyaga breki, pitisha lefa P, R, N, D mpaka L, kila mahali sekunde chache, rudisha P. Injini isizimwe. Vuta dipstiki, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ingiza mpaka mwisho, vuta tena. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Alama za COOL ni za kukadiria wakati wa kujaza, usifunge kazi kwa alama hizo. Ikipungua, pampu inavuta hewa na klachi zinateleza. Ikizidi, inavurugwa na gia mpaka inatoa povu, na povu halina presha, kwa hiyo klachi zinateleza vilevile. Umezidisha? Punguza, usijipe moyo kwamba itajipunguza yenyewe. Na fundi akipima injini imezimwa, mwombe arudie.

Hatua ya 8. Tembea wiki kadhaa, rudia. Ukimwaga lita 3 kati ya 7, mara ya kwanza mpya ni asilimia 43, ya pili 67, ya tatu 81. Mara tatu inatosha.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: mkuu oili bei gani na niweke ipi kwenye IST

Ipi: hatua ya 1. Bei: dukani.

Mama Junior: Samahani kaka, sijaelewa kwa nini ipimwe injini inawaka. Ya injini si tunapima ikiwa imezimwa?

Swali zuri, dada. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwaka, oili inapandishwa kujaza toki konveta na njia zote za juu, chini kwenye sampo (bakuli la oili) inabaki kiasi chake halisi. Ukizima, sehemu yake inarudi chini, dipstiki inaonyesha imejaa kumbe pungufu. Ya injini ni kinyume: unazima na kusubiri ili oili iliyo juu ishuke ndipo upime. Na joto nalo linaitanua oili, ndiyo maana kuna alama za HOT na COOL.

Dogo Tabata: Fundi kaniwekea haidroliki ya stelingi, nyekundu ileile. Sasa inapiga kishindo ikibadili gia. Nimwage?

Hatua ya 1 umeiruka. Mwaga leo.

Dogo Tabata: Ila fundi ana uzoefu wa miaka 20 bro

Basi kishindo kamuulize yeye.

Probox Mombasa: Makanika anataka kufungua sampo aoshe filta. Kuna haja, ama ananitafutia gharama?

Ni kazi nzuri, kaka, mara moja inatosha. Ndani ya sampo mna sumaku ndogo. Mwambie akuonyeshe kabla hajaifuta. Tope laini la kijivu ni kawaida ya gari yenye umri. Chenga unazoweza kuzihisi kwa vidole ni habari mbaya. Anunue gasketi mpya, na zile bolti ndogo azikaze kwa mkono mwepesi, sampo ikipinda itavuja daima.

Nissan Damu: X-Trail T31, naweka T-IV?

Hapana! T31 ya petroli ya otomatiki ni CVT, oili yake ni NS-2. T30 ndiyo ya gia nne, ya Matic D, na majina haya watu wanayachanganya kila siku. CVT ina mkanda wa chuma unaoshika puli kwa msuguano, na oili yake imetengenezwa kwa msuguano huo. Ukiweka nyingine, mkanda unateleza na kuchuna puli.

Iringa Moja: Nikipanda Kitonga na mzigo, giaboksi inahangaika kati ya gia ya 3 na ya 4. Ni oili?

Zima O/D, itulie kwenye 3. Kuhangaika kule ndiko kunakochemsha oili. Na kagua radieta: kwenye gari hizi oili ya giaboksi inapozwa ndani ya tangi la chini la radieta. Mkijaza maji ya bomba miaka nenda rudi, kutu inatoboa kipozeo, maji na oili vinakutana.

Iringa Moja: Nimefungua kifuniko sasa hivi, gari baridi. Kuna utelezi wa mafuta juu.

Inaweza kuwa gasketi ya silinda hedi pia. Vuta dipstiki ya giaboksi, niambie rangi.

Iringa Moja: Pinki, nzito kama maziwa ya mgando.

Usiwashe. Maji yanabandua gundi ya klachi. Ibebwe, au ivutwe matairi ya mbele yakiwa juu. Usiikokote kwa kamba: injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, na ndani kunakauka.