Namna ya Kurejelea Vyanzo kwenye Utafiti Wako, Kuanzia Siku Unayofungua Kitabu

Sura ya pili ya tasnifu yangu ilisimama siku nne kwa sababu ya kurasa 12 za fotokopi. Nilikuwa nimetoa nakala ya sura moja tu ya kitabu, bila jalada wala ukurasa wa hakimiliki. Miezi saba baadaye nilikuwa na nukuu nzuri kabisa, ila sikujua ni ya nani wala ya mwaka gani, na mashine ilikuwa imekata namba za kurasa. Niliifuta, na hoja iliyoitegemea nikaifuta pia. Sasa nasimamia wanafunzi wa Kiswahili, na kila mwaka naona marejeleo yakiachwa hadi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mapema.

Hatua ya 1: Andika taarifa za chanzo kabla ya kusoma aya ya kwanza

Jina la mwandishi, mwaka, jina la kitabu, toleo, mchapishaji. Makala ya jarida huongezewa jina la jarida, juzuu, namba, kurasa na DOI (namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni) kama ipo. Ukienda kutoa fotokopi, anza na jalada na ukurasa wa hakimiliki. Ukiwa maktaba, piga picha kurasa hizo kwa simu. Programu ya Zotero ni ya bure na inatunza taarifa hizi vizuri, lakini kagua inachoingiza, hasa mpangilio wa majina.

Toleo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, toleo la 2 likaja 2004, la 3 likaja 2013. Fasili unayoikuta katika toleo moja inaweza isiwe hivyo katika lingine. Tena toleo la kwanza na la pili ni ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), la tatu ni la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), kwa kuwa taasisi ilibadilika mwaka 2009. Andika jina lililo kwenye nakala uliyoishika. Usilisahihishe kwa jina la leo.

Hatua ya 2: Pata mwongozo wa idara yako

Mifano yangu inafuata APA, mtindo wa urejeleaji wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, toleo la 7, lililotoka 2019. Idara yako ikitaka mtindo mwingine, fuata idara. Jihadhari na kuiga tasnifu ya zamani rafuni: matoleo ya awali ya APA yalidai mji wa mchapishaji, la 7 haliutaki.

Hatua ya 3: Taja chanzo palepale unapokitumia

Kwa mwandishi mmoja andika jina na mwaka: (Robert, 1951). Kwa wawili, taja wote kila mara. Kwa watatu au zaidi, tumia jina la kwanza na "na wenzake": (Massamba na wenzake, 1999). Unaponukuu neno kwa neno, ukurasa ni lazima: (Massamba na wenzake, 1999, uk. 23). Nukuu ya maneno 40 au zaidi inajitenga katika aya yake, imesogezwa ndani, bila alama za mtajo.

Kuna kosa linalotokana na adabu yetu: "Prof. fulani (1996)" au "Mwalimu Nyerere". Ndani ya mabano na kwenye orodha, vyeo vyote vinaondoka. Anabaki Nyerere. Hujamvunjia mtu heshima.

Hatua ya 4: Fafanua kwa maneno yako, kisha taja chanzo hata hivyo

Hapa ndipo wanafunzi waaminifu wanapoingia kwenye wizi wa kitaaluma bila kujua. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa zoezi: "Wachuuzi wadogo wa samaki hupoteza sehemu kubwa ya mapato yao kwa kukosa barafu ya kuhifadhia."

Mwanafunzi anaandika: "Wauzaji wadogo wa samaki hupoteza kiasi kikubwa cha kipato chao kwa kutokuwa na barafu ya kutunzia." Amebadilisha maneno, mwili wa sentensi ni uleule. Hata akiweka mabano mwishoni, bado ameazima sentensi na kuiita yake.

Fanya hivi: soma aya nzima, funga kitabu, mweleze mwenzako kwa mdomo, kisha andika ulichosema. Inatoka namna hii: "Mwandishi anaihusisha hasara ya wachuuzi na uhifadhi: barafu isipopatikana, kinachoumia ni kipato cha mchuuzi mdogo." Halafu fungua kitabu uhakikishe hukupotosha. Ukiona huwezi kufafanua bila kuchungulia, hujaielewa aya hiyo. Irudie kabla ya kuitumia.

Methali na mambo yanayojulikana na wote hayadai chanzo. Ukisita, taja.

Hatua ya 5: Rejelea ulichosoma wewe

Nakutana na "Saussure (1916)" katika kazi nyingi za isimu. Kitabu hicho cha mwanaisimu Ferdinand de Saussure ni cha Kifaransa, kilitoka miaka mitatu baada ya Saussure kufariki, na kiliandaliwa na wenzake kwa kutegemea madaftari ya wanafunzi wake. Ikiwa wazo hilo umelikuta ndani ya kitabu cha Kiswahili, sema hivyo: (Saussure, 1916, kama alivyorejelewa na fulani), ukitaja mwandishi uliyemsoma na mwaka wake. Kwenye orodha anaingia huyo uliyemsoma peke yake. Kama aliyemrejelea Saussure alikosea, msomaji atajua kosa lilianzia wapi.

Hatua ya 6: Panga orodha ya marejeleo

Jina la mwisho linatangulia, na orodha inafuata alfabeti: Shaaban Robert yuko kwenye R, si kwenye S. Kitabu huandikwa hivi, jina lake likiwa katika herufi za mlazo:

Massamba, D. P. B., Kihore, Y. M. na Hokororo, J. I. (1999). Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu (SAMIKISA): Sekondari na Vyuo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Mahojiano uliyofanya na watafitiwa wako hayaingii humu. Yaeleze kwenye sura ya mbinu, na wataje kwa namna inayolinda siri zao.

Hatua ya 7: Linganisha pande mbili

Chapisha kazi, shika kalamu. Kila jina lililo ndani ya matini litafute kwenye orodha, uliwekee alama. Kisha rudi kinyume: kila lililo kwenye orodha lazima liwe limetumika ndani.

Ukiwa uliomba akili mnemba ikutafutie vyanzo, kagua kimoja kimoja. Hutunga makala ambayo haijawahi kuandikwa, ikaipa mwandishi wa kweli na jarida la kweli. Fungua DOI, soma kichwa kinachotokea, tafuta ukurasa wenyewe. Usichoweza kukifungua, kiondoe pamoja na sentensi iliyokitegemea.