Gia zinaruka? Usikimbilie kupasua injini

Piki ikianza kuruka gia ama nyutro ikawa haipatikani, ukienda kwa fundi hapa Malindi jibu mara nyingi unalijua kabla hujashuka: "giaboksi imekwisha hii, tupasue." Ngoja kwanza bwana. Hizi Boxer na TVS tunazopanda giaboksi iko humo humo ndani ya injini, oili ni moja tu, ndo inalainisha pistoni, klachi na gia zote, kwahivyo kuipasua ni kushusha injini nzima chini, na shida nyingi wala haziko huko ndani.

Anza na kebo ya klachi. Leva icheze kama sentimita moja pale kwenye ncha kabla haijaanza kuvuta. Isipocheza kabisa klachi itateleza, ikicheza sana klachi haiachii yote, ndo hapo gia inaingia kwa kishindo na nyutro huipati ukiwa umesimama. Halafu shika pedali ya gia uitikise, yale meno yake ya ndani yakilika inazunguka bure kwenye shafti na wewe unadhani gia zimekufa. Nunua pedali nyingine, si ghali. Kuna wanaoichomelea pale pale, usikubali, siku unataka kubadilisha sili (mpira wa kuzuia oili) ya hio shafti itabidi ukate.

Oili nayo. Wengi wanatia ya gari kwa kuwa iko nyumbani ama ni rahisi, lakini oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano na klachi yetu inaogelea kwenye oili hio hio, basi inateleza. Tafuta chupa imeandikwa JASO MA ama MA2, ndo alama ya oili za piki zenye klachi ndani ya oili, na kwa joto la huku uzito wa 20W-50 unafaa. Mwaga ya zamani injini ikiwa moto, pitisha sumaku ndani ya bakuli uliyomwagia. Unga mwembamba wa chuma ni kawaida, ukipata vipande vya kushikika kwa vidole basi kuna jino limevunjika, hapo kweli unapasua.

Kama hakuna vipande fungua kava ya kulia, upande wa klachi, na hapa hata injini huitoi kwenye fremu. Kusi likivuma usifungulie uani, mchanga unaingia, ingia ndani tandika gunia. Skrubu zetu zinashikwa na kutu ya chumvi, ukilazimisha kwa bisibisi ya kawaida unaua vichwa vyote, pulizia dawa ya kutu uiache usiku kucha, asubuhi tumia bisibisi ile ya kupigwa nyundo. Na skrubu hazilingani urefu, kwahivyo chora umbo la kava kwenye katoni, kila skrubu uichomeke mahali pake, la sivyo ile ndefu utaitia kwenye tundu fupi upasue aluminiamu.

Toa klachi pleti. Zile za chuma zilaze juu ya kioo, ikiyumba imepinda, itupe. Angalia na kikombe chenyewe cha klachi, vidole vyake vikiwa na mapengo pleti zinakwama hapo na klachi haiachii, mapengo madogo yasawazishe kwa tupa (faili), makubwa badilisha kikombe. Pleti mpya ziloweke kwenye oili kabla ya kufunga. Nyuma ya klachi ndo watu wengi hawafiki, kuna springi ya kurudisha pedali, ile nyota ya kuchagua gia, na kimkono chenye roli kinachoibana. Springi ikikatika pedali hairudi, nyota ikilegea gia zinapitwa. Vyote unabadilisha bila kupasua kitu.

Kupasua ni pale gia moja ile ile inaruka kila ukikaza mafuta. Injini chini, magineti (ile ya kutoa umeme) itolewe kwa pula yake, kile kifaa cha kuivuta, usiipige nyundo, na nusu mbili za injini uzitenganishe kwa nyundo ya mpira, ukichokonoa na bisibisi pale gasketi inapokaa itavuja milele. Piga picha kila hatua, washa (vile vipete vya chuma) zote zitunge kwenye waya kwa mpangilio zinavyotoka. Tazama yale meno mapana ya ubavuni yanayoshikana na gia ya jirani, pembe zikiwa zimekuwa mviringo ndo zinateleza. Badilisha gia zote mbili zinazoshikana, na forki yake (ule uma unaosukuma gia) ikipinda ama ikiwa na rangi ya buluu ya kuungua, nayo pia. Kabla hujafunga kava pitisha gia zote kwa mkono huku unazungusha shafti, bila kuzungusha haziingii vizuri ukadhani umekosea.

Kuboresha? Sproketi ya mbele, ile gurudumu ya meno inayovuta cheni. Ukibeba mizigo njia za mchanga kule Kakuyuni punguza jino moja, nguvu inaongezeka, spidi inapungua. Ukikaa lami ya Mambrui ongeza moja. Jino moja mbele ni karibu matatu nyuma, kwahivyo usizidishe. Na cheni iache icheze kama sentimita tatu, ikikazwa sana inakula beringi na sili ya shafti ya giaboksi, oili inaanza kudondoka pale nyuma ya sproketi.

Ukishafunga yote endesha polepole siku chache, halafu mwaga hio oili ya kwanza ikiwa moto, sumaku tena, tia mpya.