Kufyatua Matofali Mepesi kwa Maganda ya Mpunga

Kila tani 5 za mpunga zinazokobolewa huacha takriban tani 1 ya maganda, na ndiyo maana kando ya mashine za kukoboa za Mbarali, Kilombero au Mwea huonekana vilima vya maganda ambavyo mara nyingi huishia kuchomwa. Maganda hayo yakichanganywa na saruji na mchanga hutoa tofali jepesi linalofaa kuta za ndani za kugawa vyumba. Halifai msingi, ukuta unaobeba paa au ghorofa, wala bafu, na fundi atakayekuambia vinginevyo usimsikilize.

Anza kwa kupepeta. Pumba laini inayouzwa kama chakula cha mifugo ina wanga na mafuta yanayochelewesha saruji kushika, kwa hiyo chekecha mpaka yabaki maganda matupu. Yaloweke usiku kucha katika maji ya chokaa, kwa sababu ganda la mpunga lina utelezi wa asili unaoikataa saruji, kisha yasuuze na kuyaanika kivulini hadi yawe na unyevu bila kuchuruzika. Ganda kavu kabisa litafyonza maji ambayo saruji inayahitaji.

Kwa majaribio ya kwanza tumia ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga safi na ndoo 3 za maganda. Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ongeza maganda, kisha nyunyiza maji kidogo kidogo huku ukigeuza kwa chepe. Finyanga donge kiganjani: likishikana bila kutoa maji, mchanganyiko uko sawa, na utumike ndani ya saa moja.

Kufyatua ndiko kunakohitaji subira. Maganda yana tabia ya kunepa, hivyo ukijaza kalibu mara moja na kuivua upesi, tofali hufutuka juu na kupasuka pembeni. Jaza tabaka mbili, shindilia kila moja, na ukiona uso wa tofali unainuka baada ya kuvua kalibu, punguza maganda au shindilia zaidi katika tofali linalofuata.

Yafunike matofali kwa magunia mabichi kivulini na kuyamwagilia asubuhi na jioni kuanzia siku ya pili, kwa muda usiopungua siku 14. Usijenge kabla ya siku 28, kwa kuwa maganda huvimba yakilowa na kusinyaa yakikauka, na ukuta uliojengwa kwa tofali bichi utapata nyufa hata ukipigwa lipu nzuri kiasi gani.

Kabla ya kufyatua mengi, pima machache yaliyokauka kwenye mizani. Tofali la kawaida la mchanga lenye upana wa inchi 6 huwa na uzito wa takriban kilo 30. Kila kilo 7 zinazopungua kwa tofali moja ni karibu kilo 60 kwa mita ya mraba ya ukuta, na hapo ndipo faida halisi ilipo, hasa kwa anayegawa vyumba juu ya sakafu ya ghorofa. Kwa gharama, tuseme ukweli: uwiano huu unakula saruji kuliko tofali la mtaani, na saruji ndiyo yenye bei na ndiyo inayochafua hewa zaidi wakati wa kuzalishwa.

Njia mojawapo ya kupunguza saruji ni jivu la maganda hayohayo, lililochomwa kwa moto usiozidi nyuzi 700 za Selsiasi na kusagwa laini kama unga. Anza kwa kubadilisha sehemu 1 ya saruji kati ya 10. Jivu jeusi bado lina kaboni nyingi; lililoungua kupita kiasi halishirikiani vizuri na saruji, na vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo vaa barakoa unapolisaga.

Ukuta ukishasimama, ulowanishe kidogo, urushie saruji nyepesi iliyokorogwa kwa mchanga wa chembe kubwa ili kupata mkwaruzo, uache siku moja, ndipo upige lipu pande zote mbili. Kabati zito la ukutani lifungwe kwa boliti ndefu inayopita upande wa pili na kukazwa kwa bamba, kwa maana msumari wa kawaida hulegea katika tofali hili.