Siku moja Kamakura bila kuhema: maelekezo kwa mtu wa Mwanza

Juzi binti mmoja niliyewahi kufanya naye kazi maabara alinipigia simu. "Shikamoo mama. Ile nafasi ya mafunzo Yokohama nimepata, miezi mitatu." Nikampongeza. Kabla hata hatujamaliza salamu akauliza swali ambalo wote huuliza: "Sasa kule Jumapili mtu anakwenda wapi?" Swali hilo nimeshalijibu mara nyingi hapa Kirumba, barazani na kwenye simu, kwa hiyo leo naliandika nipumzike.

Nenda Kamakura. Ila usiende nilivyokwenda mimi mara ya kwanza.

Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu na ramani yenye mahekalu tisa niliyoyazungushia kalamu nyekundu. Kamakura ni mji mdogo wa pwani, kilomita kama 50 kutoka Tokyo, na hapo ndipo jemadari Minamoto no Yoritomo alipoweka makao ya utawala wake wa kishoguni, yaani wa kijeshi, mwishoni mwa karne ya 12. Utawala huo ulianguka mwaka 1333, mahekalu yakabaki, tena mengi. Mimi nikataka niyamalize yote kwa siku moja, kama mtu aliyetumwa sokoni. Saa kumi na moja jioni, mwezi Novemba, nikafika kwenye geti la Buddha Mkuu, yaani kile kitu hasa nilichokifuata, nikakuta ndiyo kwanza wanafunga. Miguu imevimba, simu imejaa picha, na hekalu lipi ni lipi sikumbuki hadi leo.

Mara ya pili tulikuwa wanne, tukaongozwa na mzee mmoja mstaafu, tukaona sehemu tatu tu. Hiyo siku naweza kukusimulia hatua kwa hatua.

Basi anza na mwongozaji. Ukishapelekwa makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, na mtu anayejua, utanielewa. Bila yeye zile ni ngoma tu zimepangwa ukutani. Akianza kusimulia, kila ngoma inakuwa na mtemi wake. Kamakura ni hivyo hivyo. Japani kuna vikundi vya watu wanaojitolea kuongoza wageni, wengi wao wastaafu au wanafunzi wanaotaka kufanya mazoezi ya Kiingereza. Hawadai malipo ya kazi yenyewe. Kwa kawaida wewe unamlipia mwongozaji nauli, viingilio na chakula cha mchana, lakini uliza mapema mkubaliane. Mratibu wa mafunzo yenu atakusaidia kuwapata. Andika wiki mbili kabla au zaidi, maana wenzetu hawa hawana habari za "kesho tukutane tutaona". Waambie mko wangapi na kama kuna mwenye goti bovu. Halafu andika sentensi hii moja bila haya: tunataka sehemu tatu, na tunataka kukaa. Usipoisema, mzee wa watu ataona ni heshima kukuonyesha kumi.

Bakshishi usimpe. Kule kumsukumia mtu noti mkononi ni kumtia aibu. Beba zawadi ndogo kutoka nyumbani: mimi nilibeba kanga moja na pakiti ya kahawa ya Bukoba. Kabidhi kwa mikono miwili, jambo ambalo sisi tulishafundwa na bibi zetu, kwa hiyo hapo hutapata shida.

Kuhusu majira, Juni ni mvua tupu, na maua ya ajisai yanawavuta watu mpaka foleni zinapita kiasi. Agosti kuna joto lenye unyevu, la kuchosha kuliko la Dar. Mwisho wa Novemba mpaka mwanzo wa Desemba majani ya miti yanageuka mekundu na hewa ni safi, ila beba sweta la kweli, si lile la kuvaa Bukoba jioni. Ukiweza, omba siku ya katikati ya wiki.

Usiku wa kuamkia safari, kagua soksi. Sitanii. Kwenye majengo mengi ya hekalu unavua viatu, na mwenzetu mmoja, bwana mkubwa wa ofisi, alivua vyake mlangoni, kidole gumba kikachungulia nje kama mtoto dirishani. Vaa viatu vinavyovulika haraka. Beba sarafu, kwa sababu viingilio vingi ni kati ya yeni 300 na 500 na wengine wanataka taslimu. Beba na mfuko wa plastiki wa taka zako. Mapipa barabarani hakuna, na huwezi kumwachia mtu ganda la ndizi.

Treni ni ya reli ya Yokosuka: kutoka Yokohama dakika 25 hivi, kutoka Tokyo karibu saa zima. Shuka Kita-Kamakura, stesheni moja kabla ya Kamakura yenyewe. Watu wengi wanaipita. Mwambie mwongozaji mkutane hapo saa tatu asubuhi, kabla mabasi ya wanafunzi hayajaja.

Ukitoka tu stesheni, hatua chache, unakutana na ngazi na miti mirefu ya mierezi. Hilo ndilo hekalu la Engaku-ji, la Wabudha wa Zen. Wengi hupanda, wakapiga picha lango kubwa, wakashuka. Sisi mzee wetu alitusimamisha chini ya lango lile la mbao, akafungua jalada lake lenye picha zilizofunikwa nailoni, akaanza polepole. Wamongolia walivamia Japani mara mbili, mwaka 1274 na 1281, na mara zote mbili wakarudishwa. Mtawala wa Kamakura wakati huo alikuwa Hojo Tokimune, kijana tu. Mwaka 1282 akajenga hekalu hili kuwaombea waliokufa vitani, wa pande zote mbili.

Mwenzangu wa kutoka Sengerema akamkatiza: "Hata wale maadui?"

Mzee akasema: "Hata wale."

Tukanyamaza. Kunguru akalia juu ya mwerezi. Nadhani tulikaa pale robo saa nzima, na hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi baada ya hapo.

Kama magoti yanaruhusu, panda zile ngazi kali za upande wa kulia hadi kwenye kengele kubwa iliyosubiwa mwaka 1301. Ukiweza kupanda kilima cha Bugando bila kusimama, hizi utaziweza. Juu kuna kijumba cha chai. Kaa, agiza chai ya kijani ya unga iliyopigwa mpaka ikatoa povu. Ni chungu, wala usiombe sukari. Kula kwanza kile kitamu kidogo wanacholeta nayo, ndiyo kazi yake.

Kuna swali huwa naulizwa hapa, kwa sauti ya chini: mimi ni Mkristo, au mimi ni Muislamu, naingiaje kwenye hekalu? Unaingia kama unavyoingia nyumba ya watu. Hakuna atakayekulazimisha kusali. Vua kofia, usikanyage kizingiti cha lango bali ukivuke, punguza sauti, na penye alama ya kukataza picha weka simu mfukoni. Ukikuta birika la maji lenye kata, unaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, halafu unaiinamisha kata ili maji yasafishe mpini kwa ajili ya anayefuata. Mimi mlokole, na nilinawa. Maji ni maji.

Rudi stesheni, nenda kituo kimoja hadi Kamakura, kisha hamia kitreni cha Enoden. Hiki kimeanza kazi tangu 1902, reli yake nzima ni kilomita 10 tu, na kinapita katikati ya nyumba kwa karibu kiasi kwamba unaona nguo zilizoanikwa na mtu anayeosha vyombo. Simama, usikae, utazame mbele kwenye kioo cha dereva. Kituo cha tatu ni Hase, shuka hapo.

Sasa chakula, na hapa nitachukua muda wangu maana samaki ndio wamenilea. Ghuba ile ya Sagami ina kitu kinaitwa shirasu. Ni watoto wa dagaa wa baharini, weupe, wembamba kama uzi, macho kama ncha ya kalamu. Wanavuliwa asubuhi, wanachemshwa kwenye maji ya chumvi asubuhi hiyo hiyo, mchana wako juu ya wali kwenye bakuli lako. Nilipoliona lile bakuli nilicheka. Nimetoka soko la samaki la Mwaloni, nimepanda ndege mbili, nimekuja kupewa dagaa! Lakini onja. Ni laini, wana utamu wa chumvi kidogo, hawana ule mchanga wa kutafuna wa dagaa wetu walioanikwa chini. Wanawauza pia wabichi kabisa. Mimi kazi yangu ilikuwa kukagua samaki, kwa hiyo nilimnusa kwanza, nikamgeuza kwa kijiti, mzee akinitazama kwa subira, nikamkuta safi hana hata harufu. Nikala. Dagaa wa Mwaloni usimjaribu hivyo, utaishia hospitali ya Bugando. Ukienda kati ya Januari na mwanzoni mwa Machi hutapata wabichi, maana wavuvi wa kule wanapumzisha bahari kipindi hicho, na wanakitii. Ningependa wavuvi wetu wa karabai waende wakalione hilo kwa macho.

Kula ndani ya mgahawa. Nje, karibu na ufukwe, kuna mwewe. Mabango yameandikwa mpaka kwa Kiingereza, nami sikuyasoma ile safari ya kwanza. Nilikuwa nimekaa ukutani na mkate wenye maharage matamu ndani, nikasikia upepo sikioni, mkate haupo. Mwewe wa kule anakuja kwa nyuma, hapigi kelele. Sisi tumezoea korongo wa Mwaloni, ambaye angalau unamwona anavyokuja, anatembea kama mdai. Mji wenyewe nao unawaomba watu wasile huku wakitembea kwenye msongamano, kwa hiyo sababu ni mbili.

Kutoka Hase kwa miguu, dakika saba au nane, ni Buddha Mkuu wa hekalu la Kotoku-in. Kazi ya kumsubu kwa shaba nyeusi ilianza mwaka 1252. Ana mita zaidi ya 11 kwenda juu, uzito tani 121. Zamani alikuwa ndani ya jengo. Dhoruba na mawimbi vikaliondoa, na kwa zaidi ya miaka 500 amekaa nje, juani na mvuani, akiwa ameinamisha kichwa kidogo. Rangi yake ni ya kijani iliyochakaa, kama mtumbwi wa bati uliolala ziwani.

Usipige picha kwanza. Zunguka nyuma, uone madirisha mawili mgongoni kwake. Sogea karibu utaona mistari inayomzunguka mwili: hakusubiwa kwa mara moja, walimpandisha tabaka baada ya tabaka kutoka chini. Kwa sarafu ndogo ya nyongeza unaingia tumboni mwake. Mna giza na joto, na ukitazama juu unaona shingo ilivyokazwa kwa ndani katika ukarabati wa miaka ya 1960. Mwenzangu wa Sengerema alishika ukuta, akasema kwa sauti ya chini lakini tukasikia, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma. Kwenye ukuta wa uani kumetundikwa jozi ya kandambili za majani, kubwa kuliko mtu, watoto wa mkoa wa Ibaraki ndio huzisuka, ili Buddha akitaka kutembea awe na viatu. Mzee alituambia hilo bila kucheka hata kidogo, nasi tukajizuia.

Kisha kaa kwenye benchi dakika 20. Panga hizo dakika kabisa.

Sehemu ya tatu ni Hase-dera, mnayoipita mkirudi stesheni. Ndani kuna sanamu ya mbao ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, mwenye nyuso 11, mita zaidi ya tisa, amepakwa dhahabu. Ni mkubwa kweli, lakini mimi kilichonishika ni vile visanamu vidogo vya Jizo, mlinzi wa watoto, mamia kwa mamia vimepangwa kwenye ngazi, kila kimoja kimo cha kiganja mpaka goti. Vimewekwa na wazazi waliopoteza mimba au watoto wachanga. Vingine vimevalishwa kitambaa chekundu shingoni. Kwetu mambo hayo mama anazika moyoni na kesho yake anakwenda shambani. Pale mahali pake papo, hadharani, na mtu anapita anamwagia maji. Ukiwa na jambo lako, mwombe mwongozaji akuache hapo peke yako kidogo. Ataelewa.

Maliza juu kwenye uwanja wa kutazama bahari. Mnaweza kuagana hapo saa kumi jioni, kabla treni hazijajaa. Hekalu la nne asije akakushawishi nalo mtu yeyote, hata akikwambia Tsurugaoka Hachimangu, lile hekalu kubwa la Kishinto la mjini, iko njiani. Kweli ni nzuri, ina Jumapili yake.

Siku inayofuata mwandikie mwongozaji ujumbe wa shukrani, kule ni lazima. Mimi nilimtumia mzee wetu picha ya dagaa wakianikwa kwenye vichanja pale Igombe. Alijibu siku hiyo hiyo kwa swali moja tu: "Mnamla na kichwa?"